Gerty Cori: alifuata njia ya sukari mwilini hadi karibu na siri ya kinazi

Oktoba 26, 1957, mjini St. Louis nchini Marekani, mwanasayansi Gerty Cori alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 61. Aliuawa na ugonjwa wa uboho, ile sehemu laini ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa. Wakati huo waganga hawakuwa na dawa yake. Waliendelea kumwongezea damu, na aliishi hivyo karibu miaka kumi.

Leo kuna vidonge vya ugonjwa huo. Vinafanya kazi kwa kuzuia protini za jamii inayoitwa kinazi, na kinazi ya kwanza kueleweka vizuri ilipatikana kutokana na swali lililoanzia katika labo yake.

Gerty alizaliwa Agosti 15, 1896, mjini Prague, wakati mji huo ulipokuwa chini ya dola la Austria na Hungaria. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Baba yake, Otto Radnitz, alikuwa mkemia na aliongoza viwanda vya sukari. Shule za wasichana za wakati ule hazikuwatayarisha kwa chuo kikuu. Alipoamua kusomea uganga, alijikuta hana Kilatini, hesabu, fizikia wala kemia ya kutosha. Alifidia pengo hilo kwa muda wa mwaka mmoja hivi, na mwaka wa 1914 akaingia chuo.

Huko alikutana na Carl Cori. Walifunga ndoa mwaka wa 1920, Gerty akiwa amejiunga na Kanisa Katolika. Lakini Ulaya baada ya vita ilikuwa na njaa, na chuki dhidi ya Wayahudi ilikuwa inapanda. Mwaka wa 1922 wakahamia Buffalo, Marekani.

Kule pia milango haikuwa wazi kwake. Katika taasisi ya Buffalo alitishwa kufukuzwa kazi kama angeendelea kufanya utafiti pamoja na mume wake. Aliendelea. Mwaka wa 1929 wawili hao walieleza mzunguko ambao leo unaitwa kwa jina lao: misuli ikifanya kazi kwa nguvu inavunja akiba yake ya sukari, yaani glikojeni, na kutoa asidi ya laktiki, damu inaipeleka ini, nalo linaigeuza kuwa sukari tena.

Mwaka wa 1931 chuo kikuu cha Washington, mjini St. Louis, kilimpa Carl kiti cha uprofesa. Gerty, mwenye shahada ileile na majina yao yakiwa pamoja kwenye makala, alipewa nafasi ya msaidizi wa utafiti kwa mshahara mdogo sana. Uprofesa kamili aliupata mwaka wa 1947, miaka 16 baadaye.

Ni katika labo hiyo walipogundua enzimu inayovunja glikojeni, iitwayo fosforilazi. Waliona jambo la ajabu: enzimu hiyo ina sura mbili. Moja ni kama imelala, haifanyi kazi mpaka iongezewe kemikali ndogo iitwayo AMP. Nyingine iko macho bila msaada huo. Wakafikiri kwamba ile iliyo macho imebeba AMP ndani yake. Waliitafuta, hawakuiona.

Jibu lilipatikana Seattle mwaka wa 1955, kwa Edmond Fischer na Edwin Krebs. Krebs alikuwa amejifunza kazi katika labo ya akina Cori. Kumbe kinachoiamsha fosforilazi ni fosfati, kipande kidogo kinachotolewa kwenye ATP na kubandikwa juu yake na protini nyingine. Protini hiyo inayobandika ndiyo kinazi. Enzimu nyingine huibandua fosfati, na kazi inasimama.

Mwanafunzi mwingine wa labo hiyo, Earl Sutherland, alieleza amri inavyofika ndani ya seli. Mtu akishtuka usiku, adrenalini inamwagika katika damu. Haiingii katika seli ya ini; inagusa mlango wa nje tu. Ndani, seli inatengeneza kemikali ndogo, AMP ya mzunguko, ambayo inawasha kinazi moja. Hiyo inawasha nyingine, nayo inaiamsha fosforilazi. Sukari inatoka, mtu anapata nguvu za kukimbia. Mwili wa binadamu una aina zaidi ya 500 za kinazi, na nyingi zinaamrisha mambo mazito kuliko sukari, kama vile seli igawanyike au la.

Mwaka wa 1947 Gerty akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya tiba, pamoja na Carl na Bernardo Houssay wa Argentina. Ni mwaka huohuo ugonjwa wake ulipogunduliwa. Hakuacha kazi. Alichunguza watoto ambao glikojeni inajaa mwilini mwao, na mwaka wa 1952 yeye na Carl walionyesha kwamba katika moja ya magonjwa hayo ini limekosa enzimu moja tu. Watafiti sita waliopita katika labo yao walipata Nobel baadaye, akiwemo Mbelgiji Christian de Duve, profesa wa Louvain.

Mwaka wa 2005 watafiti waligundua kwamba wengi wa wenye ugonjwa wa uboho kama wa Gerty wana kinazi iitwayo JAK2 iliyoharibika: imewaka na haizimiki. Mwaka wa 2011 Marekani iliruhusu dawa ya ruxolitinib, kemikali ndogo inayokaa mahali pale ambapo kinazi hushika ATP, hivyo kinazi inakosa fosfati ya kubandika. Dawa hiyo haiponyi kabisa. Inapunguza uvimbe wa wengu na maumivu ya mgonjwa.

Carl aliishi hadi 1984, miaka 27 kabla ya dawa hiyo kuruhusiwa.