Cicely Saunders: Aliyewafunza madaktari kumuuliza mgonjwa

MGONJWA wa saratani anayerudishwa nyumbani kutoka hospitalini, akalazwa katika chumba cha kupanga mtaani Kiamaiko, mashariki mwa jiji la Nairobi, huja na faili yenye mengi. Faili hiyo hueleza ukubwa wa uvimbe, matokeo ya uchunguzi wa damu na tarehe ya kurudi kliniki. Haielezi iwapo mgonjwa hupata usingizi, iwapo ana hofu, wala iwapo mwanawe anayefanya kibarua katika soko la mbuzi amekosa kazi siku tatu ili apate kumuuguza.

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa miaka mingi udaktari uliisahau hekima hiyo. Daktari ndiye aliyeamua mgonjwa ana nafuu kiasi gani, naye mgonjwa akasikiliza. Miongoni mwa waliofanya kazi kubwa zaidi kuugeuza mtindo huo ni Cicely Saunders, Mwingereza aliyefariki mwaka wa 2005, ambaye mawazo yake yamefika hadi vitanda vya wagonjwa wa Afrika Mashariki.

Saunders alizaliwa Juni 22, 1918, mjini Barnet, kaskazini mwa London, katika familia yenye uwezo. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Oxford, lakini Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto aliacha masomo mnamo 1940 akaenda kusomea uuguzi katika Hospitali ya St Thomas', kwenye shule iliyoanzishwa na Florence Nightingale. Maumivu ya mgongo yalimlazimu kuiacha kazi hiyo aliyoipenda. Alirudi Oxford, akahitimu, kisha akawa afisa wa ustawi wa wagonjwa hospitalini, kazi iliyomkutanisha na shida za watu ambazo hazitibiwi kwa kisu wala sindano.

Mnamo 1947 alikutana wodini na David Tasma, Myahudi kutoka Warsaw nchini Poland, aliyekuwa mhudumu wa mkahawa. Tasma alikuwa na umri wa miaka 40 hivi, hakuwa na jamaa karibu, na saratani ilikuwa imemshinda nguvu. Wawili hao walipendana. Katika mazungumzo yao marefu, Saunders alitambua kwamba kilichomtesa Tasma hakikuwa maumivu ya mwili peke yake. Alisumbuliwa vilevile na wazo kwamba angeondoka duniani bila kuacha alama yoyote. Alipofariki mwaka wa 1948 alimwachia Saunders pauni 500, ziwe dirisha la nyumba ya wagonjwa waliyoiota pamoja. Nyumba yenyewe ilichukua miaka 19 kujengwa.

Saunders alijitolea kuwahudumia mahututi nyakati za jioni katika hospitali ya St Luke's, na huko akaona jambo ambalo hospitali kubwa hazikulifanya. Wauguzi walitoa dawa ya maumivu kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi. Kwingineko mgonjwa alisubiri hadi aumie na kulia ndipo apewe, hivyo akaishi kwa kuyaogopa maumivu yajayo. Daktari wa upasuaji, Norman Barrett, alimshauri asomee udaktari ikiwa alitaka kusikizwa. Alianza masomo hayo akiwa ametimiza miaka 30 na ushei, akafuzu mnamo 1957.

Mwaka uliofuata alianza utafiti katika hospisi ya St Joseph's, mtaani Hackney, iliyoendeshwa na watawa wa Kikatoliki. Mtaa huo wa mashariki mwa London ulikuwa wa watu wa kipato cha chini. Saunders aliketi kando ya vitanda, akauliza, akasikiliza na kuandika. Baadhi ya mazungumzo aliyanasa kwa kinasa sauti. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 alikuwa amekusanya kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 1,000. Kumbukumbu hizo zilionyesha kuwa mofini ya kunywa, ikitolewa kwa saa na kwa kiwango kinachomfaa kila mmoja, humtuliza mgonjwa bila kumfanya mtumwa wa dawa, kinyume na walivyohofia madaktari wengi.

Kutokana na kazi hiyo alizaa dhana ya maumivu kamili. Kwa maoni yake, maumivu ya anayekaribia kufa yana pande nne: mwili, nafsi, jamii na roho. Kodi ya nyumba isiyolipwa, watoto watakaoachwa na swali la kwa nini mimi, yote hayo huumiza pamoja na uvimbe. Basi anayepima mwili pekee amepima robo ya mateso.

Ni kweli kwamba vipimo vya hali ya mgonjwa vilikuwapo kabla yake. Mwishoni mwa miaka ya 1940, daktari Mmarekani David Karnofsky na wenzake walibuni kipimo cha alama kuanzia 100, kwa mtu asiye na dalili za ugonjwa, hadi sifuri, kwa aliyekufa. Kipimo hicho kingali kinatumika, nacho kina manufaa. Hata hivyo, anayetoa alama ni daktari, na kinachopimwa ni uwezo wa mgonjwa kujihudumia na kufanya kazi. Mtu anayeweza kutembea hadi dukani huku moyo umejaa hofu hupata alama nzuri.

Hospisi ya St Christopher's ilifunguliwa kusini mwa London mnamo 1967, na dirisha la Tasma likawekwa mlangoni. Saunders alitaka matibabu, mafunzo na utafiti vikae chini ya paa moja. Mwaka wa 1969 wauguzi wake walianza kuwafuata wagonjwa majumbani. Alikuwa Mkristo wa imani thabiti aliyepinga sheria za kuwasaidia wagonjwa kufa, ila milango yake ilikuwa wazi kwa wa dini zote na wasio na dini. Mnamo 1980 aliolewa na mchoraji Marian Bohusz-Szyszko, naye Mpolandi. Alifariki kwa saratani ya matiti Julai 14, 2005, katika hospisi ileile aliyoianzisha.

Mbegu yake ilikuwa imeshaota barani Afrika. Hospisi ya Island ilianza Harare mnamo 1979, Hospisi ya Nairobi ikafuata mwaka wa 1990 katika uwanja wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na mnamo 1993 Dkt Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa nchini Uganda, akitumia mofini ya maji isiyo ghali.

Mwaka wa 1999 watafiti wa London, Julie Hearn na Irene Higginson, walichapisha kipimo cha tiba shufaa kilichofuata fikra hiyo ya maumivu kamili. Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika, chenye makao yake Kampala, kilishirikiana na watafiti kukifanya kiufae umma wa bara hili. Kipimo hicho kina maswali kumi, saba ya mgonjwa na matatu ya anayemuuguza. Huuliza juu ya maumivu, wasiwasi, amani ya moyo na iwapo maisha yangali na thamani. Asiyejua kusoma hujibu kwa mkono: ngumi iliyofumbwa ni sifuri, vidole vyote ni tano.

Kipimo hakiponyi. Mgonjwa wa Kiamaiko anaweza kukunja kidole kimoja ili asiitie familia yake huzuni, na vidole vitano vilivyonyooshwa havina maana mahali ambapo mofini haipatikani au nauli ya kuvuka jiji hadi Kenyatta imekosekana. Lakini mkono huo ukiinuliwa, hakuna awezaye tena kudai kwamba hakujua. Saunders aliutumia umri wake kuhakikisha kwamba swali linaulizwa. Kulijibu ni jukumu la waliobaki.