Annette Kellerman: Manzi wa Sydney Aliyefungwa Vyuma Miguuni, Akaibuka Nguva wa Hollywood

Siku hizi ukiona staa anaigiza, anacheza dansi, anauza nguo zenye jina lake, anatoa kitabu cha mazoezi na bado ako na shoo wikendi, unasema huyu ameomoka kweli kweli. Unaweza hata kudhani hiyo ni style ya kizazi cha simu. Pole, umechelewa. Kuna manzi wa Australia aliyepiga kazi zote hizo kabla filamu hazijaanza kutoa sauti, na nyingi ya kazi hizo alizipiga akiwa ndani ya maji.

Anaitwa Annette Kellerman. Kama umewahi kuona mwanamke akiogelea na vazi la kipande kimoja na hakuna mtu amegeuka kumshangaa, basi umeshaona kazi yake. Tulia nikupe stori yote.

Vyuma kwanza, medali baadaye

Annette alizaliwa Sydney tarehe 6 Julai 1886. Kwao ilikuwa muziki asubuhi hadi jioni. Buda alikuwa mpiga fidla, mathe alikuwa Mfaransa mpiga piano aliyefundisha muziki. Kwa hivyo mambo ya stejini hakuyakuta barabarani, aliyakuta sebuleni.

Shida ilikuwa miguu. Akiwa mtoto mdogo miguu yake ilikuwa dhaifu hadi akafungwa vyuma ndio aweze kutembea vizuri. Dawa aliyopewa ilikuwa kuogelea, misuli ipate nguvu. Sasa fikiria wewe ni msichana mdogo, wenzako wanakimbia huko nje, na wewe kila hatua inapiga kelele ya chuma. Ndani ya maji hakuna anayekuona ukichechemea.

Kufika miaka 13 hivi, miguu ilikuwa karibu sawa kabisa. Mwaka wa 1902 akabeba ubingwa wa wanawake wa New South Wales mara mbili: yadi 100 kwa dakika 1 na sekunde 22, na maili moja kwa dakika 33 na sekunde 49. Zote zilikuwa rekodi. Mtoto wa vyuma, ndiye huyo.

Halafu familia ikahamia Melbourne, mathe akapata kazi ya kufundisha muziki katika shule ya wasichana. Doo haikuwa nyingi. Hapo ndipo Annette akaonyesha akili ya biashara. Badala ya kungoja mashindano, aligeuza kuogelea kuwa shoo. Aliingia kwenye tangi kubwa la vioo pale Exhibition Aquarium akaogelea na samaki, mara mbili kwa siku, watu wakilipa kiingilio kumwona nguva wa kizungu. Mwaka wa 1903 akaingizwa pia kwenye mchezo wa kuigiza pale Theatre Royal. Hapo alikuwa hajafika hata miaka 18.

London, njaa na mto mchafu

Mwaka wa 1905 yeye na buda wakapanda meli kwenda Uingereza kusaka maisha. London haikuwangoja. Hakuna aliyewajua, na pesa ilikuwa inaisha. Basi Annette akafanya kiki ya nguvu: akaruka kwenye mto Thames, ambao wakati huo ulikuwa umejaa mashua na uchafu, akaogelea kutoka Putney hadi Blackwall. Magazeti yakaamka. Daily Mirror wakamchukua wamdhamini ajaribu kuvuka bahari kati ya Uingereza na Ufaransa.

Alijaribu mara tatu, na mara zote tatu bahari ikamshinda. Hakuna haja ya kuificha hiyo. Lakini jua na hili: wanaume waliojaribu safari hiyo waliweza kujipaka mafuta na kuingia bila nguo. Annette alilazimika kuvaa, na nguo ikamchuna ngozi kwapani kwa masaa. Mwanamke wa kwanza kufaulu, Gertrude Ederle wa Marekani, alivuka mwaka wa 1926, miaka 21 baadaye. Annette alikuwa mmoja wa wale waliotangulia kuonyesha kwamba inawezekana kujaribu.

Na Paris? Huko aliingia mbio za mto Seine dhidi ya wanaume 17, akamaliza nafasi ya tatu sare na mwingine. Baada ya hapo hakuna mtu aliuliza tena huyu manzi ni nani.

Sasa tuongee kuhusu ile nguo

Hapa ndipo stori inakuwa moto. Wakati huo mwanamke akienda beach alitarajiwa kuvaa gauni la sufi, suruali chini yake, soksi ndefu na wakati mwingine viatu. Ukiingia kwa maji na mzigo huo unazama kama jiwe. Unaweza kudhani natia chumvi, kwa hivyo sikiza hii.

Mnamo Juni 1904, meli ya matembezi iitwayo General Slocum ilishika moto kwenye East River, New York. Zaidi ya watu 1,000 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Ufuo haukuwa mbali, lakini wengi hawakujua kuogelea, na zile nguo nzito ziliwavuta chini. Baada ya msiba huo, kelele za kufundisha wanawake kuogelea zikapanda. Kwa hivyo mjadala wa kostumu haukuwa wa fasheni peke yake. Ulikuwa mjadala wa nani atatoka majini akiwa hai.

Annette alikuwa anaogelea na vazi la wanaume, linalobana mwili na kuishia mapajani. Alipoitwa kufanya shoo mbele ya watu wa familia ya kifalme London, akaambiwa miguu wazi haikubaliki. Badala ya kurudi kwa gauni, alichukua soksi ndefu nyeusi akazishona kwenye hilo vazi. Miguu ikafunikwa, lakini umbo likabaki lile lile na uhuru wa kuogelea ukabaki pale pale. Hivyo ndivyo kostumu yake ya kipande kimoja ilivyozaliwa.

Akavuka Marekani, akapiga shoo Chicago, kisha mwaka wa 1907 akafika Revere Beach karibu na Boston. Na hapa ndipo ile ngori maarufu: inasemekana karao walimshika kwa kuvaa vazi hilo hadharani, akapelekwa kortini, hakimu akamwelewa na kumwachilia. Annette mwenyewe aliisimulia stori hiyo kwa miaka mingi, na imerudiwa hadi leo.

Lakini kuna kitu. Watafiti wamefukua magazeti na rekodi za wakati ule, na ushahidi wa kushikwa huko haujaonekana. Je, ilitokea kimyakimya, au ilikuwa kiki iliyokolezwa kila mwaka? Vyovyote vile, alielewa jambo ambalo mastaa wa leo wanalipia mameneja kuelewa: ukinyamaza, watu watasimulia stori yako vile wanataka. Yeye hakungoja. Na matokeo yake hayana ubishi. Kostumu zilizoitwa kwa jina lake ziliingia madukani, na kufikia miaka ya 1920 wanawake wengi walikuwa wanazivaa bila wasiwasi.

Kutoka mwili mbovu hadi mwili bora

Sasa angalia maajabu ya binadamu. Dr. Dudley Sargent wa Chuo Kikuu cha Harvard alikuwa akipima miili ya wanawake, maelfu yao. Alipompima Annette, akatangaza kwamba huyu ndiye anakaribia zaidi ile sanamu ya kale ya Venus de Milo. Magazeti yakambatiza mwanamke mwenye umbo bora duniani.

Yaani msichana yule yule. Utotoni mwili wake ulihitaji vyuma. Beach ukaonekana aibu. Maabara ukaonekana bora kushinda yote. Mwili wenyewe ulibaki na kazi yake ileile: kuogelea. Yeye alichukua hilo jina la umbo bora akalitumia kujaza kumbi za burudani, akawa kati ya wanawake waliolipwa vizuri kwenye shoo za jukwaani Marekani. Na usidhani alikuwa anaruka majini tu. Alicheza baleti, aliimba, alitembea kwenye waya, aliigiza hata kama mwanaume. Shoo zake za tangi la vioo pale New York huhesabiwa na wengi kuwa kati ya mizizi ya mchezo wa kuogelea kwa mpangilio, ule unaouona kwenye Olimpiki.

Menenja wake alikuwa James Sullivan, na mwaka wa 1912 wakaoana. Hawakupata watoto, lakini walikaa pamoja hadi uzeeni. Kwa dunia ya mastaa, hiyo nayo ni rekodi.

Hollywood na filamu ya milioni

Alianza na filamu fupi, baadhi zikiwa za nguva, bila shaka. Mwaka wa 1914 ikaja Neptune's Daughter, iliyopigwa Bermuda. Wakati wa kupiga, lile tangi kubwa la vioo likapasuka, maji yakamwagika na vipande vya vioo, na Annette na mwelekezi Herbert Brenon wote wakaumia. Walipona, wakamaliza filamu, ikavuma sana.

Kisha 1916 ikaja ile kubwa: A Daughter of the Gods. Studio ya William Fox iliipeleka Jamaica, ikajenga mji mzima wa kuigizia, na ikatangazwa kuwa filamu ya kwanza kugharimu dola milioni moja. Annette hakutaka mtu amfanyie zile sini hatari. Aliruka mwenyewe kutoka juu sana. Na ndani ya filamu hiyo alionekana bila nguo, nywele ndefu zikimfunika, jambo ambalo hakuna staa mkubwa alikuwa amethubutu kufanya kwenye filamu kubwa hivyo. Brenon naye alitumia pesa hadi Fox akakasirika, akaikata filamu upya na kuondoa jina lake.

Sasa ngoja nikuvunje moyo kidogo. Huwezi kuitazama hiyo filamu. Imepotea. Hakuna nakala kamili inayojulikana popote. Filamu za enzi hizo zilitengenezwa kwa utepe unaoshika moto na kuoza haraka, na studio hazikuona maana ya kuzitunza. Kati ya filamu zake ndefu, ile iliyobaki nzima ni Venus of the South Seas ya 1924, na hiyo ilipigwa New Zealand, mbali kabisa na Hollywood. Hebu fikiria umetoa jasho maisha yako yote mbele ya kamera, halafu kinachobaki ni kipande kimoja na picha za matangazo.

Maisha baada ya taa

Filamu zilipoanza kuongea, Annette hakulia. Tayari mwaka wa 1918 alikuwa ametoa vitabu viwili, kimoja cha kufundisha kuogelea na kingine cha kutunza mwili. Mwaka wa 1926 akaandika pia hadithi za watoto. Alikuwa hali nyama maisha yake yote, na akafungua duka la vyakula vya afya Long Beach, California. Kumbuka hii ilikuwa miaka mingi kabla ya watu kuanza kupiga picha smoothie zao. Vita Kuu ya Pili ilipofika, alirudi Australia akapiga shoo kuchangia Red Cross na kuwaburudisha wanajeshi.

Mwaka wa 1952 Hollywood ikamkumbuka. Filamu ya Million Dollar Mermaid ikatoka, Esther Williams akicheza kama Annette. Kwenye sini moja Esther aliruka kutoka juu akiwa na taji la chuma kichwani, akavunjika mifupa ya shingo, akalala na plasta kwa miezi. Hapo ndipo watu wakaelewa kwamba kazi ya Annette haikuwa mchezo wa urembo. Ilikuwa kazi ya kuua mtu.

Mwaka wa 1970 Annette na mume wake wakarudi Australia, wakakaa Gold Coast, karibu na bahari kama kawaida. Mwaka wa 1974 akaingizwa kwenye jumba la heshima la kimataifa la waogeleaji. Alifariki Novemba 1975, akiwa na miaka 89. Majivu yake yakamwagwa kwenye matumbawe ya Great Barrier Reef. Nguva akarudi kwao.

Leo ukitembea Hollywood Boulevard utakuta nyota yenye jina lake chini ya miguu ya watalii ambao wengi hawamjui. Lakini mimi nakwambia heshima yake kubwa iko Sydney, mtaani Marrickville, ambako kituo cha kuogelea cha umma kimepewa jina lake. Watoto wanaingia pale kujifunza, wengine wakiogopa maji, wengine wakiwa na miguu isiyo na nguvu, na wanavaa kostumu za kawaida ambazo hakuna anayezigeukia.

Filamu ya milioni ilioza. Hiyo ruhusa haijaoza. Basi niambie, kati ya mastaa unaowafuata leo, ni nani ataacha kitu ambacho watu watakitumia kila siku miaka mia moja baadaye, hata kama wamesahau jina lake?