Apolo wa Boga alishitakiwa bure

Kabla ya kunyoosha kidole, tumkumbuke Apolo Kivebulaya, Muganda aliyefika Boga na Injili mwaka 1896. Siku moja dada wa chifu Tabaro aliangukia mkuki uliofichika ndani ya majani, akafa. Msiba ukatafuta mwenye kosa, kama inavyokuwa hata leo kwenye matanga yetu: ikasemwa Apolo ndiye muuaji! Akafungwa, akapelekwa Fort Portal, akatiwa gerezani. Katika dhiki hiyo Yesu alimtokea, akamtia moyo. Alipofunguliwa, angaliweza kurudi kwao Buganda. Akarudi Boga, kwa walewale waliomshitaki. Tabaro mwenyewe akaamini, akabatizwa, akaitwa Paulo. Apolo alikufa hapo Boga Mei 30, 1933, na kaburi lake liko kule.