Yagi: Profesa ambaye jina lake liko juu ya paa lako

Panda orofa ya juu ya ploti yoyote Umoja au Kayole utazame mapaa ya majirani. Kati ya matangi ya maji na kamba za nguo kuna vile vyuma vinavyofanana na mifupa ya samaki, vyote vimeelekezwa upande mmoja. Fundi wa TV ataviita antena, basi. Lakini aina hiyo ina jina, Yagi, na Yagi alikuwa mtu.

Hidetsugu Yagi alizaliwa Osaka, Japani, mwaka wa 1886. Alihitimu uhandisi wa umeme Tokyo mwaka wa 1909, akapelekwa ng'ambo kujinoa: Ujerumani kwa Barkhausen, London kwa Fleming aliyevumbua vali ya redio, kisha Harvard, Marekani. Akarejea kufundisha katika Chuo Kikuu cha Tohoku, mjini Sendai.

Huko ndiko Shintaro Uda anapoingia, na enyewe jasho lilikuwa lake. Wazo lilikuwa hivi: ufito mmoja tu unaunganishwa kwa waya. Ulio nyuma, mrefu kidogo, unarudisha mawimbi mbele kama kioo; walio mbele, wafupi zaidi, wanayavuta kwenda upande mmoja. Lakini urefu gani? Nafasi gani kati yao? Uda alikata, akapima, akasogeza, akapima tena.

Matokeo yalitoka 1926. Hataza ikaandikwa jina la Yagi peke yake. Mwaka wa 1928 Yagi akachapisha makala kwa Kiingereza, Marekani, na kwa kuwa Kiingereza ndicho dunia ilichosoma, jina likabaki lake. Alimtaja Uda humo, ndiyo, lakini mimi naona kijana alipunjwa. Vitabu vya siku hizi vinajaribu kurekebisha kwa kuandika Yagi-Uda.

Na huyo Yagi mwenyewe, kwao hakuna aliyemjali sana. Wazungu ndio walioichangamkia antena yake. Februari 1942, Wajapani walipoiteka Singapore, walikuta karatasi za fundi mmoja Mwingereza wa rada zenye neno yagi kila mahali. Wakakuna vichwa. Ilibidi wamuulize mateka, naye akawaambia ni aina ya antena, na kwamba jina ni la profesa wa kwao. Aibu iliyoje!

Ndipo wakamkumbuka. Mwaka wa 1944 alipewa uongozi wa idara ya serikali ya teknolojia, lakini maji yalikuwa yamezidi unga. Agosti 1945, mabomu ya Hiroshima na Nagasaki yalibeba antena ndogo za Yagi, zikisaidia kupima umbali hadi ardhini ili yalipuke hewani. Baada ya vita aliongoza Chuo Kikuu cha Osaka, akaingia bungeni 1953, na 1956 akatunukiwa Nishani ya Utamaduni. Alifariki Januari 1976. Uda akafuata Agosti mwaka uo huo.

Siku hizi wenye leseni za redio wanaozungumza na dunia kwa raha zao tu hupanga Yagi mbili, moja juu ya nyingine, kwenye mlingoti mmoja. Zikikaribiana mno, ya pili inakuwa mzigo wa bure kwa sababu zote mbili zinagombania mawimbi yale yale. Zikiachana mno, nguvu inamwagika juu na chini. Zikikaa sawa, nguvu ya upande wa mbele inakaribia kuwa maradufu, yaani desibeli 3. Hakuna haja ya kupanda na spana kila mara: programu ya kompyuta inakatakata kila ufito vipande vidogo, inakokotoa mkondo wa kila kipande, na kwa sekunde chache inakuchorea mawimbi yatakakoelekea. Unabadilisha nafasi, unabonyeza tena. Inachokuuliza kwanza ni kile alichokuwa akipima Uda kule Sendai: urefu wa kila ufito, na umbali kati yao.