Edgar Sengier, mukubwa aliyeuzisha urani ya Shinkolobwe

Huku Likasi na Lubumbashi, jina la Shinkolobwe kila mutu analijua. Jina la Edgar Sengier, wazee tu njo wanalikumbuka.

Alizaliwa mwaka wa 1879 kule Kortrijk, Ubelgiji, akasoma mambo ya madini kwenye iniversite ya Louvain, na mwaka wa 1911 akaingia katika Union Minière. Wakati ule hakuna mutu aliyeogopa urani, na hakuna aliyeitafuta sana. Shinkolobwe ilichimbwa juu ya radiumu, dawa ya kansa iliyokuwa na bei kali kabisa. Urani yenyewe ilikuwa kama makapi. Walitia kidogo katika rangi ya sahani na vioo, basi.

Mambo yaligeuka mwaka wa 1939. Mwingereza mukubwa wa sayansi, Henry Tizard, alimuonya Sengier: mawe yale yakiangukia mikononi mwa adui, itakuwa hatari kubwa kwa nchi zetu zote mbili. Sengier hakulala. Mwaka wa 1940, mbele Marekani haijamuomba kitu, alitumisha zaidi ya tani 1200 mpaka New York, zikawekwa katika depo kwenye Staten Island. Zilikaa pale karibu miaka mbili. Mwezi wa 9 wa 1942, ofisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, akaingia katika biro yake. Hata saa moja haikuisha, wakapatana. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka kwetu.

Mwaka wa 1946 Marekani ilimupa Sengier medali. Wachimbaji walibaki na jasho lao.

Kisha vita, watu walianza kuitazama atomi kwa macho mengine. Ubelgiji ilikuwa imeweka sharti: tukiwapa urani, na sisi tupate ujuzi wa kufanya umeme nayo. Kwenye Maonyesho ya Bruxelles ya 1958, atomi ilisifiwa kama mwanga wa kesho. Mwaka wa 1959, Léopoldville ikapata reaktere ya kwanza ya Afrika, kwenye iniversite ya Lovanium. (Ilikuwa ya masomo na utafiti, haikuwasha hata taa moja ya muji.) Mwaka wa 1962, kule Mol, Ubelgiji, reaktere BR3 ikaanza kutoa umeme. Sengier alikufa Cannes, Ufaransa, mwaka uliofuata.

Hakuona namna Wabelgiji walivyogeuka tena. Walijenga reaktere kubwa saba. Kisha ajali ya Chernobyl ya 1986, wengi wakaziogopa, na mwaka wa 2003 bunge likapitisha sheria ya kuzifunga pole pole. Mwaka wa 2025, kisha vita ya Ukraine kupandisha bei ya gazi, bunge likafuta sheria ile ile. Kule watu waliandamana, walibishana, walipiga kura.

Huku kwetu hakuna aliyeulizwa. Mugodi wa Shinkolobwe ulifungwa mwaka wa 1960, lakini kisha watu walianza kuchimba kwa mikono, wakitafuta kobalti. Mwaka wa 2004 Serikali ilikataza. Mwaka ule ule shimo likaanguka, watu nane wakafa.