Al-Khwaarizmiy: Mwanachuoni wa Hesabu Aliyewatumikia Warithi

AlhamduliLlaah. Watoto wetu wanapofungua daftari la aljebra, wengi hudhani elimu hiyo ni ngeni kwa Waislamu. Jina lenyewe ni la Kiarabu, nalo limetokana na kitabu cha Muhammad bin Muusaa Al-Khwaarizmiy (Rahimahu Allaah).

Nisba yake ni ya Khwaarizm, nchi iliyo kusini ya Bahari ya Aral. Aliishi takriban baina ya mwaka 780 na 850 Miylaadiy, akafanya kazi Baghdaad katika Baytul-Hikmah, zama za Khaliyfah Al-Ma-muun (813–833). Aliandika pia kuhusu falaki, jiografia na namba za Kihindi.

Kitabu chake cha al-jabr wal-muqaabalah hakina alama za x wala y. Yote yameelezwa kwa maneno. Kiasi kisichojulikana alikiita "kitu". Al-jabr ni kurejesha kilichopunguzwa, na muqaabalah ni kulinganisha pande mbili. Sehemu kubwa ya kitabu inahusu wasia na mirathi.

Tuchukue suala lake moja. Mtu amefariki, ameacha watoto wawili wa kiume, na ameusia thuluthi ya mali kwa mtu asiyekuwa mrithi. Fedha zilizopo ni dirham 10, na mtoto mmoja anadaiwa na marehemu dirham 10. Fungu la mtoto huyo litakatwa katika deni, lakini ni kiasi gani? Al-Khwaarizmiy alikiita kiasi hicho kitu, akakiongeza juu ya zile 10, akatoa thuluthi, kisha akagawa kilichobaki kwa wawili. Fungu la kila mtoto lazima liwe sawa na kitu hicho. Jawabu ni 5: aliyeusiwa anapata 5, mtoto wa pili 5, na mdaiwa anakatiwa 5 katika deni lake. Kwa kukisia tu, mmoja wao angedhulumiwa.

Mafungu ya mirathi ameyapanga Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) katika Suwratun-Nisaa. Hesabu haiyabadilishi, inayafikisha kwa wenyewe. Nasi tunazijua nyumba ambazo mirathi imekaa miaka bila ya kugawiwa, mjane na mayatima wakisubiri. Tuwahimize watoto wetu, wa kike na wa kiume, wasome hesabu pamoja na 'ilmu ya faraaidhw, ili haki ya mtu isipotee kwa kukosa mwenye kuihesabu.

Wa Allaahu A'lam.