CARLO EMILIO BONFERRONI (1892–1960)

Carlo Emilio Bonferroni alizaliwa Bergamo, kaskazini mwa Italia, tarehe 28 Januari 1892. Ujanani alisomea piano mjini Torino, kisha akasoma hisabati katika chuo kikuu cha mji huohuo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa ofisa katika kikosi cha uhandisi. Mwaka 1923 akawa profesa wa hisabati za fedha mjini Bari, na mwaka 1933 akahamia Florence, alikofundisha hadi alipofariki mwaka 1960.

Hakuwa daktari, wala hakupima dawa yoyote. Kilichomshughulisha ni bima: ikiwa watu kadhaa wamekatiwa bima pamoja, kuna uwezekano gani kwamba angalau mmoja wao atafariki? Katika miaka ya 1935 na 1936 alichapisha kanuni za kukadiria jambo hilo. Iliyo nyepesi kuliko zote, ambayo kwa haki ni ya George Boole wa karne ya 19, husema kuwa uwezekano wa kutokea angalau tukio moja hauzidi jumla ya uwezekano wa matukio yote.

Tuseme watafiti wamekuja hapa Ikungi kupima dawa 20 za kikohozi, na zote hazitibu chochote. Kila dawa inapimwa peke yake, kwa kukubali uwezekano wa 0.05 wa kudanganywa na bahati. Uwezekano wa kutodanganywa hata mara moja ni 0.95 kwa kipeo cha 20, yaani takriban 0.36. Basi uwezekano wa angalau dawa moja kuonekana inatibu ni 0.64! Mgonjwa atauza mbuzi kununua dawa isiyofaa. Kinga yake ni kugawanya 0.05 kwa 20, ili kila dawa ipimwe kwa 0.0025. Hapo, kwa kanuni ile ya jumla, uwezekano wa kudanganywa hauzidi 0.05.

Aliyeipeleka kanuni hiyo kwenye kulinganisha makundi mengi ni Olive Jean Dunn wa Marekani, mwaka 1961, Bonferroni akiwa tayari kaburini. Hata hivyo jina lililobaki ni la Mwitaliano. Njia hii ina ukali wake: vipimo vikiwa vingi, dawa nzuri yenye nafuu ndogo inaweza kukataliwa.

Dawa yenye nafuu kubwa haina hofu hiyo. Katika majaribio ya kifua kikuu yaliyoanza mwaka 1970 Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, matibabu ya aina 5 yalilinganishwa. Ukiyapanga mawiliwawili unapata jozi 10, na kila jozi ingepimwa kwa 0.005. Waliotibiwa miezi 6 kwa streptomaisini na isoniazidi pekee, asilimia 29 walirudiwa na ugonjwa. Walioongezewa rifampisini, ni asilimia 3 tu.